Nyumba, bima na nauli ya likizo: Yanayombakisha mfanyakazi Kigoma

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

MTUMISHI anayepangiwa kazi Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, haanzi kwa kuuliza mshahara. Mshahara anaujua, kwani umeandikwa katika ngazi za Serikali na hautofautishi aliyepo Kagunga na aliyepo Kinondoni. Anachouliza ni atalala wapi, boti inaondoka saa ngapi, na mtoto akiugua usiku afanye nini.

Kwa lugha ya maofisa utumishi, majibu ya maswali ya namna hiyo huitwa mpango wa afya na ustawi mahali pa kazi. Ni jumla ya mambo anayofanyiwa mfanyakazi nje ya ujira wake ili awe na afya ya mwili na utulivu wa akili: matibabu, upimaji wa afya, chakula cha mchana, michezo, ushauri nasaha, nyumba, likizo na mazingira salama ya kazi. Waajiri wakubwa wa Dar es Salaam na Nairobi huyataja mambo hayo katika matangazo ya kazi kama kivutio. Mkoani Kigoma, ambako kumpata mtu mwenye ujuzi ni kazi na kumbakisha ni kazi zaidi, suala hili huzungumzwa mara chache, na linapozungumzwa hudhaniwa kuwa ni anasa ya makampuni yenye fedha nyingi.

Historia ya mkoa wenyewe inaonyesha kwamba si anasa wala si jambo jipya.

Kutoka posho ya wapagazi hadi nyumba za Reli

Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani na kupitia Tabora. Richard Burton na John Speke walipoufikia mji huo Februari 1858, walikuwa wamekwishapoteza wapagazi wengi waliowatoroka njiani. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mfanyakazi wa ujira aliyejua thamani yake. Aliangalia uzito wa mzigo, akaangalia zaidi posho, yaani kitambaa au shanga alizopewa kununulia chakula safarini. Kiongozi wa msafara aliyebana posho aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo ipo, watu hawapo. Neno lenyewe tunalo hadi leo, na bado ndilo linalozua maneno mengi kwenye semina kuliko mada zinazofundishwa.

Karne iliyofuata mkondo uligeuka, Kigoma ikawa mahali pa kuchukulia watu. Wenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro walikuwa na upungufu mkubwa wa vibarua, na mwaka 1944 chama chao kiliunda ofisi ya kuandikisha wafanyakazi iliyojulikana kwa jina la SILABU. Waha walikuwa miongoni mwa walioandikishwa kwa wingi. Walipimwa afya, wakalishwa na kulazwa katika kambi za njiani, wakasafirishwa hadi mashambani, na mikataba ilipokwisha wakarudishwa makwao kwa gharama ya mwajiri. Waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alitambuliwa kwa namba.

Isidhaniwe kwamba huo ulikuwa ukarimu. Ujira ulikuwa mdogo na kazi ya kukata mkonge ilikuwa ngumu. Lakini mwenye shamba alifahamu kwamba bila mgawo wa chakula, zahanati na nyumba za kambini, mtu aliyeacha shamba lake Kasulu au Kibondo asingefika Tanga, na akifika asingekaa. Hesabu aliyoipiga mkoloni kwa faida yake ndiyo hiyo hiyo inayopigwa sasa na mwajiri anayetaka fundi, mhasibu au muuguzi avuke Malagarasi aje Kigoma.

Mfano wa karibu zaidi ni Reli. Njia ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Baadaye, chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1948, mfanyakazi wa kudumu wa reli alihesabiwa kuwa mtu aliyebahatika. Alikuwa na nyumba ya shirika kulingana na cheo chake, matibabu, na pasi ya kusafiria kwa treni pamoja na familia yake. Pasi hiyo ndiyo iliyofanya umbali wa Kigoma usiwe adhabu, kwa kuwa mtu wa Dodoma au Morogoro aliweza kwenda kwao bila kugusa mshahara. Kwa maneno mengine, Reli ilitambua kero kuu ya mtu anayekaa mwisho wa njia ikaiondoa kwa kitu ambacho tayari ilikuwa nacho, yaani kiti ndani ya behewa.

Utafiti unasema nini

Mipango ya afya kazini kama inavyoeleweka katika nchi tajiri ilianza kushika kasi miaka ya 1970. Kampuni ya Marekani ya Johnson & Johnson ilianzisha wake mwaka 1979, ukihimiza wafanyakazi kuacha sigara, kufanya mazoezi na kupima shinikizo la damu. Hoja ilikuwa kwamba mfanyakazi mwenye afya hugharimu kidogo, hukosa kazi mara chache na hukaa na mwajiri wake kwa muda mrefu.

Hoja hiyo ilisadikiwa kwa miaka mingi bila kupimwa sawasawa. Ilipopimwa, matokeo hayakuwafurahisha wauzaji wa mipango hiyo. Mwaka 2019 jarida la tiba la JAMA lilichapisha utafiti uliofanyika katika maduka ya BJ's Wholesale Club nchini Marekani, uliohusisha wafanyakazi wapatao 33,000 katika vituo 160 vya kazi. Vituo vya kupewa mpango vilichaguliwa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, wafanyakazi wa vituo hivyo walisema wanafanya mazoezi zaidi na kuangalia uzito wao, lakini hapakuonekana tofauti ya maana katika vipimo vya afya, gharama za matibabu, utoro kazini wala muda wa kukaa kazini.

Utafiti mwingine, uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Illinois kuanzia mwaka 2016 ukihusisha karibu wafanyakazi 5,000, ulikuta kwamba waliojitokeza kujiunga walikuwa wale ambao tayari walikuwa na gharama ndogo za matibabu. Pamoja na hayo, jambo moja lilibadilika: waliopewa nafasi ya kushiriki walielekea zaidi kuamini kwamba uongozi unajali afya zao.

Msomaji asiharakishe kusema kwamba mipango hiyo haina faida. Inachoonyesha ni kwamba vipeperushi vya lishe na mashindano ya kutembea hatua nyingi, kwa mtu ambaye tayari ana bima, maji ya bomba na hospitali jirani, huongeza kidogo sana. Mfanyakazi wa mwambao wa Tanganyika hayupo katika hali hiyo. Kwake kitu kinachokosekana ni kikubwa, na mwajiri anayekitoa huonekana mara moja.

Ushahidi wa upande huo tunao kwa jirani zetu wa ncha ya kaskazini ya ziwa hili. Mwaka 2001 kampuni ya bia ya Heineken, ambayo ina viwanda Burundi na Rwanda, ilianza kuwapa wafanyakazi wake wa nchi hizo mbili dawa za kupunguza makali ya Virusi vya Ukimwi, pamoja na wenzi na watoto wao. Wakati huo dawa hizo zilikuwa ghali na hospitali nyingi za umma katika ukanda wetu hazikuwa nazo. Hapakuhitajika mtaalamu wa kumweleza mfanyakazi wa kiwanda cha Bujumbura maana ya kubaki na mwajiri wa namna hiyo.

Anapoondoka muuguzi

Katika sekta ya afya, kuondoka kwa mtu mmoja huweza kufunga huduma nzima. Zahanati ya kijiji yenye watumishi wawili ikipoteza mmoja, aliyebaki hana zamu. Yupo kazini usiku na mchana mpaka naye achoke aombe uhamisho. Mama mjamzito wa Kalya au Buhingu, katika mwambao wa kusini wa Wilaya ya Uvinza, anapopata uchungu pingamizi hana gari la kukodi la kumkimbiza hospitali ya mkoa ya Maweni kwa muda mfupi. Kati yake na Maweni kuna ziwa, mawimbi na upepo.

Ndiyo maana miradi iliyofanikiwa kuimarisha huduma za uzazi mkoani hapa haikuishia kwenye vifaa. Mradi ulioanza mwaka 2006 kwa fedha za mfuko wa Bloomberg na wa familia ya Agerup, ambao baadaye ulisimamiwa na taasisi ya Thamini Uhai hadi kukabidhiwa Serikalini mwaka 2019, ulijenga vyumba vya upasuaji katika vituo vya afya, ukawafundisha watumishi wa afya upasuaji wa uzazi na utoaji wa dawa za usingizi, na ukajenga nyumba za watumishi. Jambo hilo la mwisho halipewi nafasi kubwa katika taarifa. Hata hivyo, chumba cha upasuaji kisicho na mtu wa kulala jirani nacho ni jengo tu baada ya saa kumi jioni.

Taasisi iliyoanzishwa na Rais mstaafu, hayati Benjamin Mkapa, mwaka 2006 ilifuata njia inayofanana na hiyo katika wilaya za pembezoni nchini. Iliajiri wataalamu wa afya kwa mikataba, ikawapeleka wilaya zenye upungufu, kisha ikajenga nyumba kwa ajili ya watumishi wa afya vijijini.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa namna ya kuwabakisha watumishi wa afya maeneo ya mbali, na mwaka 2021 likautoa tena baada ya kuufanyia marekebisho. Fedha zimo, lakini hazikuwekwa peke yake. Mwongozo unataja mazingira bora ya kuishi, usalama kazini, nafasi ya kujiendeleza kimasomo, mawasiliano na wataalamu wa vituo vingine, na kuwachukua wanafunzi waliozaliwa vijijini kwa kuwa hao huelekea zaidi kurudi huko. Mtumishi aliyesahaulika kwa miaka mitano bila kozi wala kupandishwa daraja huugua ugonjwa usioonekana kwenye kipimo chochote cha maabara.

Ipo pia ushindani wa ndani ya mkoa. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na zaidi baada ya wimbi la Warundi la mwaka 2015, mashirika ya misaada yamekuwa waajiri wakubwa Kasulu na Kibondo. Malipo yao kwa kawaida huizidi Serikali, ila mikataba yao hufuata bajeti ya wafadhili, na wafadhili wakipunguza fedha ajira huondoka nazo. Hapo ndipo kazi ya Halmashauri, yenye pensheni na bima isiyokatika, hupata uzito wake. Mwajiri wa umma asiyewaeleza vijana jambo hili wakati wa kuwapokea anaiacha silaha yake nyumbani.

Haki ambazo tayari zimo katika sheria

Waajiri wengi wadogo wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, wenye nyumba za wageni, maduka ya jumla, gereji na viwanda vya kukamua mawese, husema hawana uwezo wa kuanzisha mpango wa ustawi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mpango huo wanadaiwa na sheria, na anayeitekeleza kikamilifu huwa tayari amewatangulia wenzake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Inatoa likizo ya mwaka ya siku 28, na likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36, ambapo siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba ana siku tatu. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Saa hizo mbili hazimgharimu mwenye duka fedha taslimu hata senti moja. Hata hivyo, karani mzuri aliyejifungua huweza kuzikosa, akaacha kazi kimya kimya, na tajiri akalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawatulii.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya (OSHA), inataka wafanyakazi wapimwe afya wanapoajiriwa na mara kwa mara wanapoendelea na kazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008, hulipa matibabu na fidia kwa aliyeumia kazini. Mchango wake ni asilimia 0.5 ya malipo ya mishahara, na hutolewa na mwajiri peke yake bila kumkata mfanyakazi. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inamtaka kila mwajiri awe na mpango wa elimu na kinga mahali pa kazi. Kwa upande wa Serikali, mwongozo wa mwaka 2014 uliongeza magonjwa sugu yasiyoambukizwa, yaani kisukari, shinikizo la damu na mengineyo, katika mipango hiyo.

Kuhusu bima, mfumo wa watumishi wa umma ulioanza mwaka 2001 ulijengwa juu ya mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mwajiri na nusu kwa mtumishi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapanua wigo huo kwa sekta nyingine. Lakini kadi ya bima mwambaoni ina thamani pale tu inapoambatana na usafiri. Mgonjwa anayepewa rufaa ya Bugando au Muhimbili anahitaji nauli, pa kulala msindikizaji, na ruhusa ya kazi isiyoambatana na vitisho. Mwajiri mwenye busara huyafikiria hayo mapema kuliko kuchangisha ofisini siku ya msiba.

Nauli ya likizo nayo ina historia ndefu ya manung'uniko. Taratibu za utumishi wa umma zinamstahilisha mtumishi kusaidiwa nauli kila baada ya miaka miwili. Kwa mwalimu wa Kibondo ambaye kwao ni Mtwara, stahili hiyo ni kubwa kuliko kwa mwenzake wa Pwani, na ikicheleweshwa anaumia zaidi. Madai ya uhamisho na likizo yamekuwa wimbo wa kila mwaka wa vyama vya wafanyakazi.

Mazoezi ya Jumamosi

Michezo ndiyo sehemu ya ustawi inayofahamika zaidi na watumishi wetu. Wizara na idara hukutana katika mashindano ya SHIMIWI, serikali za mitaa katika SHIMISEMITA, na mashirika ya umma katika SHIMMUTA. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itengwe kwa ajili hiyo.

Ni jambo jema, na kuvuta kamba hakujawahi kumdhuru mtu aliyeandaliwa vizuri. Ila wanaokwenda mashindanoni huwa wale wale wenye mbio na mpira, kama walivyokuta watafiti wa Illinois kwamba wenye afya ndio wanaojitokeza. Dereva mwenye kilo nyingi na sukari ya kupanda hubaki ofisini akiwalindia wenzake magari.

Wengi wa wafanyakazi wa mkoa huu hata hivyo hawamo katika orodha yoyote ya mishahara. Wavuvi wa dagaa na migebuka hulipwa kwa mgawo wa samaki baada ya mwenye chombo kuondoa gharama zake, na baharia asiyeridhika huhamia chombo kingine msimu huo huo. Mwenye chombo anayetaka kubaki na wavuvi hodari hahitaji ofisa utumishi. Anahitaji maboya ya kujiokolea yanayowatosha wote waliomo, taa nzuri, chakula cha usiku, na moyo wa kumtibu aliyeumia bila kumwandikia deni. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili samaki wazaane, suala la nani anakula nini kwa miezi mitatu lilikuwa kubwa kuliko mgawo wenyewe.

Waliokaa kwa miongo

Sheria ya mwaka 2004 ina kifungu kimoja ambacho mwajiri wa Kigoma hukikumbuka mwishoni. Mfanyakazi aliyeajiriwa mahali pengine, mkataba wake ukikoma, mwajiri anawajibika kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi mahali alikoajiriwa, au kumlipa gharama hiyo. Kwa fundi aliyechukuliwa Dar es Salaam, ni treni au lori la kuvuka nchi nzima. Kwa fundi wa Mwanga au Gungu, ni nauli ya daladala.

Mfano wa waliotoka hapa hapa upo Gombe, kusini ya Kagunga. Jane Goodall, aliyefariki dunia Oktoba 2025, alianza kuwachunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960, na kwa miaka mingi kazi iliwategemea wanafunzi kutoka ng'ambo. Mei 1975 watu wenye silaha waliovuka ziwa kutoka Zaire waliwateka wanafunzi wanne. Waliachiwa baadaye, lakini utaratibu wa kuwategemea wanafunzi wa kigeni ukakoma. Waliobaki kuwafuata sokwe milimani na kuandika kumbukumbu za kila siku walikuwa wasaidizi wa utafiti wa Kitanzania, wengi wao kutoka vijiji vya mwambao, na baadhi walifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Boti inayowarudisha nyumbani mwisho wa zamu ni ile ile inayopeleka dagaa Kibirizi.